Walichoma Kundi Letu Mgeni Aone Maua

Siku yangu ya kwanza kazini nilikamatwa mkono kama mwizi wa kuku.

Nilikuwa nimevuka kwa feri ya Kamanga asubuhi, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, viatu vya kaka yangu vinanibana vidole. Nilikuwa nimesikia kwamba kituo cha utafiti cha pale Mwanza kinatafuta mhudumu. Mhudumu wa nini hawakusema, na mimi sikuuliza, maana mtu mwenye njaa haulizi jina la mpishi. Nikaonyeshwa uwanja wa nyuma, penye matangi ya saruji yamepangwa mstari. Ndani ya matangi kulikuwa na gugu maji, lile lile lililokuwa linaziba ziwa, lakini lilikuwa baya la kutisha: majani yamekuwa ya kahawia, yametoboka, mengine yamelala kama mgonjwa wa homa. Nikasema moyoni, hawa wanaonipa ajira ni wachafu, ngoja niwaonyeshe bidii. Nikachukua reki iliyokuwa imeegemea ukuta, nikainua.

"Weka chini hiyo reki!"

Aliyenikamata alikuwa Mkuu wa Kituo mwenyewe. Mzee mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili.

"Unataka kufanya nini?"

"Kusafisha, mzee. Majani yameoza."

"Nani kakwambia yameoza? Inama."

Nikainama.

"Unaona nini?"

"Uchafu, mzee."

"Inama tena. Inama mpaka pua iguse."

Nikainama mpaka pua ikagusa jani. Ndipo nikaona. Lile jani lilikuwa na vidoa vingi vidogo, kama mtu amekuwa akiliparua kwa ncha ya kucha. Halafu katikati ya mmea, pale majani yanapotokea, alikuwa amejibana mdudu wa rangi ya udongo, mdogo kuliko punje ya mtama, ana pua ndefu imepinda kama mkonga wa tembo.

"Huyo ndiye mfanyakazi," Mkuu akasema. "Wewe ni mchungaji wake tu. Na nikwambie kitu, kijana. Siku ukiona tangi hili linapendeza, ujue mimi na wewe tumeshindwa kazi."

Ninyi vijana mnaosoma haya, shikeni neno hilo. Nitalirudia huko mbele, na nitalirudia kwa hasira.

Kabla sijaenda mbali niseme kwamba shule niliishia darasa la nne. Ng'ombe wa baba walikuwa wengi na wachungaji wachache, hesabu ikaishia hapo. Binti yangu mkubwa amenisaidia kunyoosha herufi, hasa l na r, ambazo kwetu ni ndugu na huvaliana nguo. Lakini maneno ni yangu. Na akitaka kupunguza makali namwambia, mama, acha hivyo hivyo.

Sasa kazi yenyewe ilikuwaje. Gugu maji si mwenyeji wa ziwa letu. Lililetwa na watu huko mbali kwa sababu ya ua lake la zambarau, kisha likashuka na mito mpaka kwetu. Ndiyo maana wataalamu wanaliita kiumbe mgeni vamizi, maana yake limekuja bila adui wake. Kule kwao lina wa kulila, huku halina. Dawa ya sumu ukimwaga ziwani utawanywesha watu. Ukilivuna kwa mikono, unachoka wewe, lenyewe linazaa. Basi wataalamu wakaenda kumleta yule adui wake wa asili, mbawakawa yule mwenye pua, baada ya kumpima sana kwamba hatageukia mahindi wala mpunga wetu. Yule mdudu mzazi anakula jani. Anataga ndani ya bua la jani, lile bua lililovimba kama kitunguu, ambalo ndilo boya linaloliinua gugu lisizame. Mabuu yakianguliwa yanatoboa bua kwa ndani, maji yanaingia, boya linaoza, gugu linazama. Kazi ya polepole sana. Watu hawana subira nayo, na viongozi ndio kabisa.

Nilipoenda nyumbani kumweleza baba, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Masanja! Umeacha ng'ombe wangu ukafuge kupe?"

"Si kupe, baba. Ni mbawakawa."

"Ana maziwa?"

"Hana."

"Ana ngozi?"

"Hana, baba."

"Basi ni kupe," akasema, akawaita majirani waje wanione mchungaji wa kupe. Jina hilo lilinifuata hadi sokoni. Mpaka leo nikienda msibani kule kwetu wapo wazee wanaoniuliza kupe hawajambo.

Baada ya kuifahamu kazi nilihamishiwa Nyamhulu, ghuba ndogo upande wa Sengerema, karibu na tulikozaliwa. Msije mkaitafuta kwenye ramani, ni ghuba kama kiganja, mdomo wake mwembamba. Na mdomo ule ulikuwa umezibwa na gugu. Nikisema umezibwa mnielewe: mbuzi alikuwa anaweza kutembea juu yake na alitembea, tukamwona, akazama katikati na hakuna aliyeweza kumfikia. Mitumbwi ilikaa nchi kavu ikapasuka kwa jua. Wavuvi wakahamia mialo mingine. Mwalo, kwa ninyi wa mjini, ni ule ufukwe ambapo mitumbwi inatia nanga na samaki wanapokelewa. Mwalo wa Nyamhulu ulikuwa umebaki na vichanja vitupu vya kuanikia dagaa, na mbwa.

Na alibaki Mama Kabula.

Huyu mama alikuwa mkaushaji wa dagaa. Mumewe alikwisha kufariki, watoto wake walikuwa wanamsihi ahamie Mkolani, Mwanza mjini, akakae nao, auze mboga barazani. Akakataa. Alikuwa na vichanja vyake, na kaburi la mume, na alisema mboga hajui kuzungumza nazo. Kwake jambo lilikuwa moja tu: ghuba ifunguke, mitumbwi irudi, au yeye aondoke pale akiwa amekubali kushindwa. Kituo kilipotafuta mtu wa mwalo wa kusaidiana nami kwenye matangi, wanaume walisema hawawezi kulisha wadudu. Yeye akaja na beseni lake.

"Nionyeshe hao ng'ombe wako," akasema.

Nikamwonyesha. Akainama bila kuambiwa, akatazama muda mrefu.

"Wamekonda," akasema.

"Ndivyo walivyo, mama."

"Hakuna ng'ombe aliyekuwa ndivyo alivyo. Utakuwa unawanyima malisho."

Na kweli nilikuwa nachelewa kubadilisha majani. Tangu siku hiyo tukawa na zizi. Tulipeana zamu za kuleta gugu bichi, kulitia upande mmoja wa tangi na kuacha lile lililoliwa upande wa pili, ili wadudu wahame wenyewe kidogo kidogo kama ng'ombe wanavyohama malisho. Ukiwahamisha kwa haraka unayatupa mayai yaliyomo kwenye mabua, umetupa ndama. Matangi yetu yalikuwa mabaya kuliko yale ya mjini. Yalikuwa mabaya vizuri.

Msimamizi wetu alikuwa mtafiti mmoja mwanamke, Mhaya mrefu, tukimwita Daktari ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Alitufundisha kufuatilia, yaani kwenda kila mara mahali pale pale kutazama ziwa linabadilikaje. Tulikuwa na kiunzi cha mabomba manne, mraba. Unakirusha juu ya gugu bila kuchagua, kisha kilichoangukia ndani ya mraba ndicho unachopima: majani mangapi, vidoa vingapi, konokono, vidagaa vidogo, furu kama wapo. Furu ni wale samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa wamejaa ziwani kabla ya sangara kuletwa na kuwala. Sangara naye alikuwa mgeni, lakini kwa kuwa anauzika, huyo hatumwiti vamizi. Nimetoka nje ya njia, narudi.

Daktari alikuwa mkali juu ya kurusha. "Masanja, umeangalia!" alikuwa ananikemea. "Ukichagua pa kurusha, umeshaandika jibu kabla ya swali." Niliwahi kumwambia kwamba hata kwenye maisha watu wanachagua pa kurusha. Akasema ndiyo maana maisha hayana takwimu nzuri. Alikuwa anachekesha bila kucheka.

Mpango wake ulikuwa hivi. Tusiwaachie wadudu kidogo kidogo, watapotea kwenye gugu kubwa lile. Tungoje matangi yote yajae, kisha kabla ya mvua tuwamwage mdomoni mwa ghuba siku moja. Akatuwekea katazo moja kali: hakuna kuchukua hata mmea mmoja kupeleka kwingine. "Mkibeba wadudu, mnabeba na gugu. Na gugu likifika mahali safi, sisi ndio tutakuwa tumelipanda." Neno la haki kabisa. Akatuachia matangi, akasafiri kwenda masomoni nje.

Hapo ndipo akaja Mkuu wa Kituo wa pili.

Yule wa kwanza, mfupi mwenye sauti, alikuwa amestaafu. Huyu wa pili alitokea ofisi za juu huko. Sitamtaja jina, na kituo chenyewe mnaona sikukitaja. Alikuwa mtu nadhifu. Alikuwa na kitambaa cha kufutia viatu ndani ya gari, na tai aliivaa hata akija ufukweni penye tope. Mimi sina ugomvi na unadhifu. Mama yangu alikuwa anafagia uwanja mara mbili kwa siku. Lakini kuna watu wanaofagia ili pakalike na kuna wanaofagia ili waonekane na fagio.

Siku moja ikaja habari: mgeni rasmi anakuja Nyamhulu. Anatoka mbali na anakuja kuona nini? Sikilizeni vizuri. Anakuja kuona mradi wa wadudu. Hakuja kuona kingine.

Basi mwalo ukawaka moto kwa maandalizi. Mwenyekiti wa mwalo akapita nyumba kwa nyumba. Mawe yakapakwa chokaa. Vichanja vitupu vikafunikwa vitenge. Mama Kabula akapangwa kwenye kamati ya chakula, mimi nikatumwa Mwanza kuchukua mahema na viti. Nilipokuwa naondoka nilimuuliza Mkuu, "Matangi je, mzee?"

"Matangi yataandaliwa," akasema.

Mimi nikaelewa kwamba yataandaliwa maelezo. Ningejuaje? Mtu anayekuja kuona ng'ombe wako, unamwandalia kwa kuwachinja?

Nilirudi na lori kesho yake, viti vimefungwa kamba, nikaona moshi unapanda kutoka ufukweni. Nikadhani wanachoma nyama mapema. Nikashuka. Ilikuwa ni lundo la gugu. Walikuwa wameyatoa majani yetu yote, yale ya kahawia, yale yaliyotoboka, wakayarundika, wakatia mabua makavu ya mahindi na mafuta ya taa, wakawasha. Vijana walikuwa wanasukumizia kingo kwa reki. Na matangi, ndugu zangu! Matangi yalikuwa yamesuguliwa kwa brashi, yakatiwa maji safi, na ndani yake wamepanga gugu bichi limetoka ziwani, nene, kijani linang'aa, na kila mmea umechaguliwa wenye ua. Zambarau tupu. Ungedhani ni harusi. Siku ukiona tangi linapendeza, alisema yule mzee mfupi, ujue tumeshindwa kazi.

Nikamwendea Mkuu. Alikuwa anaelekeza mahali pa kipaza sauti.

"Mzee, mmefanya nini?"

"Usafi."

"Wale ndio wadudu! Wamo mle ndani mnamochoma!"

"Masanja, punguza sauti. Mgeni rasmi hawezi kuonyeshwa majani yaliyooza. Ni aibu kwa taasisi."

"Yameoza kwa sababu wanafanya kazi!"

"Wadudu si wapo ziwani? Mtaokota wengine."

"Ziwani hawapo, mzee. Hatujawaachia. Walikuwa hapa tu."

Nilimwona amenielewa. Nawaambieni alinielewa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana asingeelewa ningemsamehe. Alitazama moshi, akatazama barabara ambako msafara ungetokea, akapima kimoja na kingine.

"Wewe ni mhudumu," akasema. "Panga viti."

Mgeni akaja. Ngoma ikapigwa. Akapelekwa kwenye matangi, akayasifu maua. Kisha, nampa haki yake, akauliza swali la maana: "Na hao wadudu wenyewe wako wapi?"

Mkuu akasema, "Wamejificha, mheshimiwa. Wanaogopa watu."

Watu wakacheka, mgeni akacheka, mpiga picha akapiga picha. Ile picha ilitundikwa ukutani pale ofisini Mwanza miaka na miaka: wakubwa wamezunguka tangi, wanatabasamu, na ndani ya tangi amekaa adui yetu, amenawiri, amevaa ua.

Wakashiba, wakaondoka. Nikakaa kwenye ukingo wa tangi. Mtu mzima nilikuwa, na watoto, lakini nililia. Moshi ulikuwa bado unatoka kidogo pale ufukweni, moshi wa majani mabichi, mzito, unakaba. Mama Kabula akaja, mikono ina mafuta ya pilau. Nilimngojea aanze kulaani. Hakulaani. Alichota maji akanipa ninawe uso.

"Baba yako alikuwa na ng'ombe?" akaniuliza.

"Unajua alikuwa nao, mama."

"Wote alikuwa anawalaza zizi moja?"

Nikamtazama. Ninyi mliozaliwa mjini labda hamjui. Sisi kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani kwake. Wengine anawapeleka kwa rafiki, wengine kwa shemeji, huko wakachungwe. Anayechunga anakunywa maziwa, na wakizaa kuna wakati anapewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, awe wake. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au wezi wakija, huamki masikini. Ndiyo benki yetu, na haina foleni.

"Mama Kabula," nikasema, "usiniambie."

"Sikwambii. Twende kwa shemeji yangu Lutonja."

Tulivuka kilima kwa miguu hadi kijito cha upande wa pili. Lutonja, mume wa dada yake, alikuwa na shimo la maji la kunyweshea ng'ombe, na kijito chake kilikuwa kimejaa gugu kuliko ghuba yetu. Kwenye lile shimo, tangu muda mrefu, Mama Kabula alikuwa anapeleka beseni moja moja la gugu lenye wadudu wetu. Nikainama. Majani yalikuwa ya kahawia, yametoboka, mabaya. Sijawahi kuona kitu kibaya kizuri namna ile.

"Shikamoo shemeji," nikamwambia Lutonja.

"Marahaba mchungaji wa kupe. Nasikia zizi lenu limeungua."

"Limeunguzwa."

"Aliyeunguza ni mtu mzima?"

"Ni mtu mzima mwenye tai."

"Ah. Tai inabana damu isifike kichwani." Akamgeukia Mama Kabula. "Sasa wewe umekuja kuchukua mifugo. Mimi nimelisha, nimefukuza bata. Mtamba wangu uko wapi?"

"Huna aibu? Wadudu nao unadai mtamba?"

"Ulipoleta ulisema ni ng'ombe. Ng'ombe wana desturi yao."

Wakabishana pale mpaka jua likashuka, na wote wawili hawakuwa wanatania kabisa. Mwisho wakakubaliana kwamba beseni moja libaki kwa Lutonja liwe lake na uzao wake, yaliyobaki yarudi Nyamhulu. Tukayabeba kichwani, yamefunikwa majani ya mgomba wadudu wasikaukiwe. Nilipitia ofisini kwa mwenyekiti wa mwalo, nikamwambia mbele ya watu: mtu akigusa matangi na reki tena, nitamshitaki kama mwizi wa mifugo. Akaniambia nisimlaumu, yeye aliagizwa. Kila mtu aliagizwa. Nchi hii ina watu wengi walioagizwa, aliyeagiza humpati.

Daktari aliporudi likizo tukamweleza yote. Juu ya moto alisikiliza mpaka mwisho. Lakini juu ya kwa Lutonja alisimama, akapiga kelele.

"Mama Kabula! Nilikataza! Kama kijito kile kingekuwa safi je?"

"Kisingekuwa safi. Nilikitazama kwanza."

"Na mwingine akikuiga bila kutazama?"

Daktari alikuwa na haki. Katazo lilikuwa jema. Ila lingefuatwa, leo tusingekuwa na ghuba. Mambo mawili ya kweli yalikaa kwenye benchi moja yanatazamana. Baadaye Daktari aliinama kwenye tangi, akakaa hivyo kwa muda. Alipoinuka alikuwa amelowa machoni, akasema ni moshi. Moshi wa lini, wakati moto ulishazimika zamani.

Tulianza upya na lile kundi dogo. Tukachelewa mvua za mwaka ule, tukachelewa na za mwaka uliofuata. Huo ndio muda tuliochomewa, na ndani ya muda huo familia nyingine zilihama Nyamhulu na hazikurudi tena. Maua yale yaligharimu nyumba za watu. Hatimaye tukamwaga kundi mdomoni mwa ghuba, Daktari, Mama Kabula na mimi, bila hema wala kipaza sauti. Gugu likaanza kuwa la kahawia ukingoni, likaenda likiingia ndani kama doa la chai kwenye kitambaa. Halafu ikaja dhoruba moja ya upepo na mvua, ikapasua kile kilichokwisha kudhoofika, vipande vikaelea nje na kuzama. Asubuhi Mama Kabula alikuja kunigongea. Alinivuta mkono hadi ufukweni. Maji yalikuwa yanapiga mchanga. Tulikuwa tumesahau kwamba mahali pale palikuwa na sauti.

Mtumbwi wa kwanza kuingia, Mama Kabula alinunua dagaa wake wote, na kwa kuwa kichanja chenyewe kilikuwa hakijarekebishwa, akawaanika kwenye vitenge vile vile vya mgeni rasmi.

Na cheti? Cheti cha mradi uliofanikiwa akapewa Mkuu wa pili, ambaye alikuwa ameshahamishiwa kiti kikubwa zaidi. Mimi nilirudishwa Mwanza, kisha nikapelekwa visiwani kufuatilia furu kwenye mawe, kisha Mwanza tena. Kila niliporudi kituoni nilikuta tangi moja limepungua. Moja liligeuzwa la kuoshea magari. Mawili yakatiwa udongo, yakapandwa maua ya getini. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba, na aliyehutubia alisema nimekuwa "mtumishi mnyenyekevu." Sikuwa mnyenyekevu. Nilikuwa nimekasirika muda wote, ni vile mtu hawezi kukasirika na kubeba ndoo kwa wakati mmoja.

Sasa nakaa Buswelu. Na ziwani limeingia gugu jingine. Hili ni dogo, majani yake yana vinyweleo, linajikunja na kujibana mpaka unadhani ni zulia. Wadudu wetu wa zamani hawaligusi. Kila gugu na adui wake, alitufundisha Daktari. Kazi inaanza mwanzo, na matangi yana waridi.

Mwezi uliopita alikuja kwangu binti mmoja mtafiti, mwanafunzi wa Daktari. Alipiga goti, "Shikamoo babu," nikamwitikia, nikampa kiti. Akaniambia wamepata kibali cha kumjaribu mdudu wa gugu hili jipya. Wamepewa tangi moja, nyuma kabisa. Wadudu wameanza kula, majani yamechakaa vizuri. Kisha akainamisha kichwa.

"Babu, wiki ijayo tuna mgeni rasmi."

Nikahisi harufu ya mafuta ya taa pale pale sebuleni.

"Wamesema kuhusu usafi?"

"Wamesema. Nimeeleza, wanasema watapanga tu kidogo. Mimi nikimbishia bosi nitahamishwa. Lakini wewe umeshastaafu, babu. Wewe watakuhamishia wapi?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kweli, watanihamishia wapi? Kaburini, na huko naenda bila barua.

Siku ya mgeni nilivaa shati la pasi. Nilifika kituoni mapema, nikapita mawaridi bila kuyatazama, nikaenda nyuma. Kijana mmoja wa usafi alikuwa anakuja na reki begani.

"Weka chini hiyo reki," nikamwambia.

"Mzee, nimeagizwa."

"Najua. Na mimi nimekaa." Nikakaa juu ya ukingo wa tangi, fimbo katikati ya miguu. Walikuja kunibembeleza mmoja mmoja. Wa kwanza alisema kuna kiti kizuri hemani. Wa pili alisema kuna soda. Wa tatu, mwenye tai, alisema, "Mzee wetu, unatutia aibu." Nikamwambia aibu hiyo naifahamu, tuliichoma moto Nyamhulu na ikabaki hai. Hakunielewa, lakini msafara ulikuwa umeshapiga honi getini, na mzee wa umri wangu huwezi kumbeba mzobemzobe mbele ya wapiga picha.

Mgeni akaja hadi nyuma na watu wake. Akanisalimia kwa adabu, shikamoo mzee, nikaitikia marahaba. Akatazama tangi, majani ya kahawia, maji mazito. Akakunja uso.

"Mzee, mbona hapa pachafu hivi?"

Binti yule alikuwa amesimama nyuma ya wakubwa, ameshika mikono kifuani. Nikasogea kidogo kwenye ukingo, nikampisha mgeni nafasi.

"Inama," nikamwambia.

Mgeni alinitazama, akatazama tope, akatazama viatu vyake. Kisha akaishika tai yake isilowe, akainama.

"Inama tena," nikasema. "Mpaka pua iguse."